UZI: Funza wa nondo wanaotumalizia masega ndo hao hao wanaotafuna plastiki. Tumboni mwao kuna nini?

mrina_wa_sikonge (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Niko Tabora, nafuga nyuki pande za Sikonge, mizinga mchanganyiko, ipo ile ya magome ya wazee na ipo ya kisasa. Kila mrina asali wa huku anamjua nondo wa nta. Kundi likidhoofika kidogo au nyuki wakihama, ukija kufungua unakuta masega yameshageuka utando mtupu, vinyesi vyeusi vimejaa chini na funza wanene wamejichimbia mpaka kwenye ubao wakaacha vijifereji. Hasara yake waulizeni warina.

Sasa kilichonileta. Nilikuwa na masega makavu nayaweka akiba nije niyachemshe nipate nta, nikayafunga kwenye mfuko wa nailoni mzito tu nikaning'iniza stoo. Nakuja kushusha, mfuko una matundu ya mviringo, kingo zimetafunwa taratibu sio kuchanika, na funza wengine walishatoka zamani wamejisokotea vifuko vyao juu kwenye kenchi.

Nikaingia mtandaoni kuangalia kama kuna mwingine limemkuta, kumbe ni habari kubwa. Kuna mwanasayansi anaitwa Federica Bertocchini, alikuwa anafanya kazi Hispania na nyumbani anafuga nyuki. Alisafisha mizinga yake akawatia hao funza kwenye mfuko wa plastiki, kugeuka mfuko matundu matupu. Yeye badala ya kulaani akawapeleka maabara. Mwaka 2017 yeye na wenzake wa Cambridge wakatoa ripoti kwamba funza 100 waliachiwa mfuko wa dukani kwa masaa 12 na mfuko ukapungua miligramu 92.

Na ukikaa ukafikiria inaleta maana. Nta kwa sehemu kubwa ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Polietilini, yani plastiki ya rambo, nayo ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni, ila mrefu zaidi. Mdudu ambaye ukoo wake wote umeishi kwa kula masega huenda ana vifaa tayari.

Swali langu, kazi hiyo anaifanya yeye au ni bakteria walioko tumboni mwake? Na je sisi tunaweza kupata chochote hapo? Maana rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 lakini chimba dampo lolote hapa mjini utazikuta za zamani ziko vilevile, mpaka maandishi yanasomeka. Karibuni.

kibirizi_kwetu

Mrina uzi mzuri ila ngoja nikanyage breki. Kutoboa sio kumeng'enya. Huku Kibirizi, Kigoma, panya anatoboa ndoo ya dagaa usiku mmoja na hakuna aliyewahi kusema panya anakula plastiki. Cha kuuliza ni kile kilichotafunwa kimegeuka kuwa kitu kingine au kimetokea nyuma vilevile ila kidogo kidogo?

Na hao wa 2017 walibanwa na swali hilohilo mwaka uleule. Kuna sehemu ya jaribio walisaga funza, wakapaka ule uji juu ya plastiki, wakapima wakasema wameona dalili ya etilini glaikoli, yani plastiki imevunjika. Wanakemia wa Mainz, Ujerumani, wakawajibu kwamba alama hizo hizo unaweza kuzipata kwenye mafuta na protini za mdudu mwenyewe aliyesagwa, kwa hiyo ushahidi haujakaa. Tusije tukaanza kushangilia.

binti_ujiji

Nimekaa pale 🪑 endeleeni

mwl_bios_urambo

Nawasalimu nyote. Mimi nafundisha baiolojia sekondari kwa hiyo niruhusiwe kurefusha kidogo.

Kibirizi umegusa penyewe. Ila lile swali lako lilishajibiwa kwa mdudu mwingine, na lilijibiwa vizuri. Mwaka 2015 kundi la Yang Jun wa chuo cha Beihang, Beijing, pamoja na Wei-Min Wu wa Stanford, Marekani, walichukua funza wa mende wa unga, wakawalisha lile fomu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV (polistairini hiyo). Ili wasibishiwe wakatengeneza polistairini ambayo kaboni yake imewekewa alama, halafu wakaifuatilia. Ile kaboni ikaonekana kwenye hewa wanayotoa funza, ikaonekana na kwenye mafuta ya miili yao. Panya wako wa Kibirizi hawezi hilo. Kwa siku 16 karibu nusu ya kaboni waliyokula ilitoka kama hewa ya kabonidayoksaidi, na karibu nusu nyingine ikatoka kama kinyesi. Hiyo nusu ya pili wekeni akilini, tutairudia.

Sasa bakteria. Waliwapa funza jentamaisini, hii hii mnayochomwa zahanati. Bakteria wa tumboni wakafa, na uwezo wa kuivunja polistairini ukapotea. Funza yuko hai, anatafuna, lakini kinachotoka nyuma hakijavunjwa. Ndani ya utumbo wakamtenga bakteria mmoja wa jamii ya Exiguobacterium, wakamlea peke yake juu ya utando wa polistairini na akaanza kuula, ingawa polepole sana kuliko akiwa tumboni. Kule ndani kuna joto lake, unyevu wake, na meno ya mwenyeji yameshasaga mzigo.

Kwa hiyo kwa huyo wa unga jibu ni bakteria. Kwa nondo wa nta wa mrina mambo hayajanyooka hivyo.

jombi_wa_relini

Mwalimu unaandika kama uko ubaoni 😂 ila tumeelewa

mama_kuku_gungu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko Gungu, Kigoma mjini, nafuga kuku na nina funza wale wa nzi weusi kwa ajili ya chakula cha kuku maana dagaa wa kuku wamepanda bei haishikiki. Nimesoma hapa roho ikachangamka. Nikiwamwagia hawa funza wangu plastiki watakula? Na kuku akila funza aliyekula plastiki mimi nikila kuku si ndo nimekula plastiki?

mrina_wa_sikonge

Marahaba mama. Hao wako hawasaidii kwa hili. Ukiwamwagia takataka za sokoni wanakula maganda, wanakula makombo yaliyoshika kwenye mfuko, mfuko wenyewe unabaki unauchekecha mwishoni.

Lakini ngoja nikuambie kitu, mdudu unayemtaka pengine unaye bandani hujui. Nairobi kuna taasisi ya wadudu ya icipe. Mwaka 2024 timu yao akiwemo Dk. Fathiya Khamis walitoa utafiti juu ya funza wa vijimende vyeusi vya jamii ya Alphitobius, asili yake hapahapa Afrika, na anapenda mabanda ya kuku sababu kuna joto na chakula hakikatiki. Inua randa za mbao kwenye banda lako utawaona, vifunza vya kahawia vyembamba vinakimbia mwanga. Walilishwa polistairini kwa zaidi ya mwezi. Kwenye matumbo yao bakteria kama Kluyvera, Klebsiella, Lactococcus na Citrobacter wakaongezeka kwa wale waliokula plastiki.

Na hapa ndo penye utamu, waliopewa plastiki tupu hawakufanya vizuri kama waliochanganyiwa na pumba. Wa pumba waliishi zaidi na wakala plastiki zaidi, wakavunja kama asilimia 11.7 ya ile polistairini. Yani plastiki peke yake ni wanga bila mboga, nguvu kidogo ipo ila mwili haujengeki, mdudu anataka protini na unyevu toka sehemu nyingine.

mama_kuku_gungu

Wapo! Tena wengi. Mie nawaua kila siku. Na kuhusu kula kuku?

mwl_bios_urambo

Mama hilo lina majibu mawili. Stanford walichunguza fomu lenye dawa ya kuzuia moto, inaitwa HBCD, ni sumu. Funza wa unga waliokula hilo fomu walitoa karibu asilimia 90 ya dawa ndani ya masaa 24 na yote ilikuwa imetoka kufikia masaa 48. Kwa hiyo mwili wa funza haukuihifadhi. Hilo ni jibu zuri.

Jibu baya ni kwamba iliyotoka haijapotea, iko kwenye kinyesi, pamoja na ile nusu niliyowaambia muiweke akilini, vipande vidogo vidogo vya plastiki. Na kinyesi cha funza watu tunakifanya mbolea. Utakuwa umechukua boksi moja la fomu ambalo ungeliokota kwa mkono, ukaligeuza unga ambao hauokoteki, ukaumwaga kwenye mchicha. Mimi kwa upande wangu nasema usilishe kuku funza wa plastiki. Endelea na maganda.

kibirizi_kwetu

Wakuu mnasahau hesabu. Mwalimu hao wa 2015 funza 100 walikuwa wanakula miligramu ngapi kwa siku?

mwl_bios_urambo

34 mpaka 39.

kibirizi_kwetu

Haya chukua 36. Kilo moja ina miligramu milioni moja. Gawanya, unapata siku karibu 27,800. Funza mia moja watamaliza kilo moja ya fomu kwa miaka 76. Ukitaka waimalize kwa siku moja unahitaji funza milioni 2 na laki 8, na uwatafutie na pumba. Kilo moja tu hiyo! Dampo la mji mmoja kwa siku linapokea nini? Ndo maana nikisoma vichwa vya habari "funza wataokoa dunia" nacheka.

dili_ni_dili

Ila mkuu funza wa nondo wana kasi zaidi si ndio? Mi naona fursa hapa. Naweza kufuga hao nondo wa nta hapa Tabora kwa wingi, mtu ananiletea plastiki namtoza hela ya kuteketeza. Nta chafu si ipo tele kwa warina? Mrina niuzie mbegu

mrina_wa_sikonge

Ndugu yangu wewe unataka tukuchome moto. Tabora hii watu wanasomesha watoto kwa asali, chuo cha ufugaji nyuki kiko hapahapa, halafu wewe ukae katikati ya mji unazalisha nondo kwa maelfu? Nondo jike mmoja anataga mayai mamia, anaruka usiku, anafuata harufu ya mzinga. Kila kundi dhaifu lililo karibu na wewe limekwisha.

Na hata faida hamna. Wakanada wa chuo cha Brandon wamewafanyia kazi sana hawa funza. Wanasema funza kama 2,000 wanaweza kuvunja mfuko mmoja mzima kwa masaa 24, sawa, umefurahi. Halafu? Wakilishwa plastiki tupu wanakonda na kufa baada ya siku chache. Mfuko mmoja funza elfu mbili wamekufa. Utawalisha nini waendelee? Masega. Yani utanunua masega kwangu kwa bei ya nta uwalishe funza ili wale rambo za bure. Hiyo biashara mpe adui yako.

dili_ni_dili

😂😂 nimenyoosha mikono, endeleeni na sayansi

mzee_wa_vichuguu

Vijana mmewasahau mchwa. Huku kwetu Kaliua mchwa anakula mlango, anakula daftari, anakula kitanda ukiwa umelala. Huyo hamkumpima?

mwl_bios_urambo

Shikamoo mzee. Mchwa wetu wakubwa wa vichuguu kuni na majani hawazimalizi peke yao. Wanabeba ndani ya kichuguu, wanazitengenezea bustani, na fangasi ndo anaanza kuzilainisha, kisha wanakula. Ule uyoga mkubwa unaochomoza kwenye kichuguu mvua zikianza, ambao nyie mnauchuma mnaupika na karanga, ndo huyo fangasi wao anatoa maua. Kwa hiyo mdudu kushirikiana na kiumbe kidogo kula kitu kigumu sio maajabu, wamefanya hivyo kwa mamilioni ya miaka. Ila mti una viungo ambavyo fangasi na bakteria wamevizoea tangu enzi. Polietilini imeanza kutengenezwa miaka ya 1930. Bakteria hawajapata muda wa kuizoea, ndo maana wanaokotwa wachache, na wengi ni kwa wadudu waliokuwa tayari wanakula kitu kinachofanana nayo.

binti_ujiji

Kwahiyo nondo wa nta ni bakteria au sio bakteria? Mbona mwalimu umeruka hilo

mwl_bios_urambo

Sijaruka dada, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Upande wa bakteria kuna ushahidi. Mwaka 2014 kundi lilelile la Yang lilishatoa bakteria wawili kwenye utumbo wa nondo wa nafaka, yule mdogo anayeharibu unga na karanga stoo, na bakteria hao wakaonekana kuila polietilini. Mwaka 2020 Wakanada wakatoa bakteria wa Acinetobacter kwenye utumbo wa nondo wa nta, wakamweka na polietilini tu bila chakula kingine, akaendelea kuishi zaidi ya mwaka.

Lakini mwaka 2022 Bertocchini yuleyule akarudi na kitu kipya. Safari hii hakusaga funza. Alichukua mate yao tu. Mate yakawekwa juu ya polietilini, kwenye joto la kawaida la chumba, na ndani ya masaa machache plastiki ikaanza kuoksidishwa. Ndani ya mate wakakuta vimeng'enya (protini za mwili zinazovunja vitu) viwili wakaviita Demetra na Ceres, na hivyo vinatengenezwa na mdudu mwenyewe.

Kwa nini hilo ni kubwa? Sababu ugumu wa polietilini uko mwanzoni. Huo mnyororo hauna pa kushika. Lazima kwanza oksijeni iingizwe humo ndani, na kwa kawaida kazi hiyo inafanywa na jua kwa muda mrefu sana, ndo unaona ndoo iliyokaa juani inaanza kupauka na kumeguka. Mate, kwa ripoti yao, yanafanya kwa masaa. Ikishaoksidishwa ikakatika vipande vifupi, bakteria wa utumboni wanapata pa kuanzia. Kwa hiyo dada kwangu mimi sio huyu au yule, mdomo unafungua mlango na tumbo linaingia.

kibirizi_kwetu

Hapo sasa mwalimu umenipata, na umenifungua kitu kuhusu ziwa. Kama oksijeni ni lazima, basi ziwa letu ndo sehemu mbaya kuliko zote plastiki kuingia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukishuka kati ya mita 100 na 200 oksijeni imeisha, chini kote huko hakuna samaki wala chochote kinachohitaji hewa. Kiroba cha sandarusi kikijaa mchanga kikazama, hakuna jua, hakuna oksijeni, hakuna nondo. Na maji yenyewe hayatoki, njia ya kutokea juu ya ardhi ni mto Lukuga tu upande wa Kongo, kwa hiyo kilichoingia kimeingia.

Halafu tusisahau aina. Ufukweni hapa ukizoa unapata chupa za maji, unapata viroba, unapata nyavu chakavu, ndala. Hao funza mnaowasifu wamepimwa zaidi kwa rambo na fomu. Nyavu ni nailoni yenyewe, sio hii mifuko tunayoiita ya nailoni, ni kitu kingine kabisa.

mwl_bios_urambo

Kweli kabisa. Mwenye nafasi ageuze chupa aangalie ile namba kwenye pembetatu. 1 ni PET, chupa za maji na soda. 2 na 4 ni polietilini ngumu na laini. 5 ni polipropilini, ndo viroba, na hata ile mifuko mbadala mnayouziwa sokoni mkidhani ni kitambaa. 6 ni polistairini. Nondo wa nta tunamuongelea kwenye 2 na 4, funza wa unga na wa icipe kwenye 6.

PET ina bakteria wake, sio wa mdudu. Wajapani walimkuta kwenye sampuli za eneo la kuchakata chupa mji wa Sakai, wakamtangaza 2016, Ideonella sakaiensis. Yeye kwenye nyuzijoto 30 alimaliza utando mwembamba wa PET kwa wiki sita. Halafu Wafaransa wa kampuni ya Carbios mwaka 2020 wakaonyesha kimeng'enya kingine, asili yake ni mboji ya majani, wakakirekebisha, ndani ya tangi la moto nyuzijoto 72 kikavunja asilimia 90 ya PET kwa masaa 10 na malighafi yake unatengenezea chupa mpya. Linganisheni na ile miaka 76 ya Kibirizi.

mrina_wa_sikonge

Na hapo ndo mimi nimefika baada ya kusoma yote haya. Mdudu ni wa kutuonyesha tu wapi pa kutafuta. Hatuhitaji kufuga funza milioni, tunahitaji kile kimeng'enya kitoke kwake kiingie kwenye tangi. Hata Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipowalisha funza wakubwa wa mende wa Zophobas fomu tupu mwaka 2022, waliongezeka uzito kidogo, lakini bakteria wazuri tumboni wakapungua na wa magonjwa wakapata nafasi. Mdudu anaumwa. Na wao wenyewe wakasema lengo ni vimeng'enya.

Kinachoniuma ni kwamba wadudu tunao sisi. Misitu ya miombo hii imejaa nondo, mende, mchwa ambao hakuna aliyewahi kufungua matumbo yao. Icipe wameonyesha haihitaji kwenda mbali, banda la kuku limetosha. Chuo cha nyuki kiko Tabora, funza wa nondo tunawatupa kwa ndoo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aje nimpe sampuli bure, nauli yake tu.

jombi_wa_relini

Mkuu mrina mi nimetoka nje ya mada kidogo, nina masega ya bi mkubwa yako stoo na nadhani nondo wameshaingia, nafanyaje kabla hawajamaliza

mrina_wa_sikonge

Angalia kwanza rangi. Yale meusi yaliyolelewa majana (watoto wa nyuki) ndo wanayapenda, sababu kuna chavua na maganda ya majana humo, hapo ndo wanapata protini. Meupe ya asali tupu hawanenepi. Meusi usiyaweke hata wiki, chemsha leo, chuja kwa gunia, nta ikishakuwa safi hawaihangaikii.

Kama unataka kuyatunza yenyewe ukayarudishe mzingani, tafuta mtu mwenye friza. Nyuzijoto hasi 7 kwa masaa manne na nusu, au hasi 15 kwa masaa mawili, mayai na funza wote wanakufa. Ukitoa yaache yakauke, kisha kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa nailoni usiweke.

jombi_wa_relini

Bi mkubwa ana friza la barafu za kuuza, atanielewa kweli nikimwingizia masega

mama_kuku_gungu

Mwambie ni ya siku moja. Na funza usimwage, niletee nipe kuku, hao si hawajala plastiki?

mrina_wa_sikonge

Mama hao ni safi, kuku wanawapenda balaa. Hakikisha tu walikuwa kwenye masega na sio kwenye mfuko.